Besimenti kwenye nyumba mpya Arusha na Moshi: maswali tunayoulizwa mara kwa mara

Nasimamia ujenzi wa nyumba za watu Arusha, na mara moja moja navuka kwenda Moshi. Siku hizi swali la besimenti, yaani vyumba vya chini ya ardhi, limekuwa jingi, hasa kwa walionunua viwanja vya mteremko baada ya tambarare kwisha. Wengi wanakuja na swali moja: zege, mawe au matofali? Mimi nawajibu kwa swali: maji ya mvua yanaingia kiwanjani kwako kutoka wapi, na yatatokea wapi? Akishindwa kujibu, hatuongelei ukuta siku hiyo.

Besimenti kamili na nusu besimenti zinatofautianaje?

Besimenti kamili, wengine wanaiita andagraundi, imezama pande zote nne. Unashuka ngazi kuingia, mwanga unaupata kwa vidirisha vya juu. Nusu besimenti imezama upande wa mlimani tu. Upande wa bondeni uko wazi, una mlango na madirisha ya kawaida, na unatoka nje bila kupanda ngazi hata moja. Katika viwanja vya Ilboru, Sekei au Moshono, na kule Kibosho, Uru na Marangu, nusu besimenti ndiyo inayofaa karibu kila mara. Besimenti kamili kwenye kiwanja cha tambarare naijenga nikilazimishwa.

Mbona Marekani nyumba nyingi zina besimenti, sisi hatuna?

Sababu ni baridi. Kaskazini mwa Marekani na Canada ardhi yenyewe inaganda. Maji yaliyo ndani ya udongo yakiganda yanavimba na kuinua msingi, kwa hiyo msingi lazima ushuke chini ya pale baridi inapoishia. Kwenye jimbo kama Minnesota hiyo ni zaidi ya mita moja. Mtu akishachimba hivyo nyumba nzima, kuongeza mita nyingine apate chumba ni kazi ndogo.

Arusha tuko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na Julai makoti yanatoka kabatini, lakini ardhi haigandi. Sababu yetu sisi ni mteremko. Kiwanja kikishuka mita 2 kutoka mbele hadi nyuma, utajenga msingi mrefu upande wa bondeni, kisha ununue malori ya kifusi ulijaze lile pengo ndipo umwage jamvi, yaani zege la sakafu. Badala ya kulipia kifusi kijaze tundu, lifanye tundu kuwa chumba. Hapo besimenti ina hesabu. Kwenye tambarare, chumba hichohicho ukikiweka juu kama ghorofa kitakupa mwanga, hewa na usingizi wakati wa masika.

Nianze na nini kabla sijamlipa mtu wa ramani?

Chimba shimo la kupimia. Mita moja kwa mita moja na nusu, kina kishuke angalau mita moja chini ya pale sakafu ya besimenti itakapokaa. Kwa nusu besimenti ya kawaida hiyo ni mita 3 hadi 4, kwa hiyo lisichimbwe na kijana mmoja peke yake bila mtu juu, na kuanzia mita moja na nusu liwekewe mbao za kuzuia kingo. Yachimbwe mawili: moja upande wa juu wa kiwanja, moja upande wa chini.

Wakati wa kuchimba ni Aprili au mwanzoni mwa Mei, masika ikiwa imekolea. Najua hakuna anayependa kwenda saiti kipindi hicho, gari linakwama, viatu vinabaki kwenye tope. Ndiyo sababu hasa. Shimo la Septemba litakuonyesha udongo mkavu mzuri na utarudi nyumbani ukiwa umedanganywa.

Milima yetu hii, Meru na Kilimanjaro, ni ya volkano, na udongo wake umekaa kwa matabaka: majivu laini, kisha tabaka gumu lililoshikana kama matofali mabichi, kisha changarawe nyepesi, kisha majivu tena. Maji ya mvua yanapita kwenye laini, yakigonga gumu yanageuka na kutambaa kuelekea bondeni. Nimewahi kusimama ndani ya shimo Ilboru, chini kukavu kabisa, na kwenye ukuta wa shimo, usawa wa kiuno changu, kuna mstari wa maji yanadondoka tone tone kama bomba lisilofungwa vizuri. Mstari ule ndio uliochora nyumba. Tuliinua sakafu sentimita 60 na kuhamisha stoo upande wa pili.

Baada ya kuchimba, lifunike shimo, weka kijiti chenye alama, rudi kila asubuhi kwa wiki mbili uone maji yamefika wapi. Sampuli za udongo zipeleke maabara. Chuo cha Ufundi Arusha wana maabara ya ujenzi, na mhandisi wako atakuambia anataka vipimo gani.

Halafu tembea kwa jirani wa juu. Uliza shimo lake la maji taka liko wapi. Sehemu kubwa ya mji haijaunganishwa na bomba la maji taka, kila nyumba ina shimo lake, na shimo la jirani wa juu likiwa mita chache kutoka ukuta wako, maji yake yatakufikia tu. Upande wa Moshi vijijini angalia pia mfongo. Ile mifereji ya Wachagga ya kumwagilia migomba na kahawa inavuja ardhini mwaka mzima, hata kiangazi.

Maeneo gani nisijaribu kabisa?

Njoro na Rau, Moshi, maji ya chini yako karibu sana. Msitu wa Rau wenyewe unaishi kwa maji hayo, na ukishuka Mabogini unakuta majaruba ya mpunga. Kandokando ya Themi na Naura, Arusha, hali ni hiyohiyo, na Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Ukikuta udongo mweusi wa mbugani, ule unaopasuka kiangazi mpaka mguu unaingia, achana na besimenti. Ukilowa unavimba, na hakuna ukuta wa nyumba ya kawaida unaopenda kusukumwa na udongo unaovimba.

Kuelekea Usa River unaweza kukuta jiwe kubwa kama gari katikati ya kiwanja. Mlima Meru ulibomoka upande wa mashariki zamani sana, na vile vilima vidogo njia ya Momella ni mabaki yake. Jiwe la namna hiyo halizuii besimenti, lakini linaweza kumaliza bajeti ya kuchimba.

Sasa tufike kwenye ukuta. Mawe, matofali au zege?

Arusha tuna mafundi wa mawe wanaojua kazi, na mawe yako karibu. Ukuta wa mawe unasimama kwa uzito wake. Hauna nondo, hivyo kitako chake lazima kiwe kinene, kati ya nusu na theluthi mbili ya kimo. Ukuta wa mita 2.7 unataka kitako cha mita 1.4 hadi 1.8, kiwanja cha futi hamsini kitakwisha kwa kuta. Kwa kimo cha mita moja na robo, moja na nusu, hakuna njia inayoushinda kwa bei. Jiwe ligonge kwa nyundo kabla halijashushwa: zuri linalia, bovu linatoa sauti ya kibuyu. Lile jepesi lenye vitundu vingi linakunywa maji, likatae.

Shida ya mawe ni kwamba yanapitisha maji. Kwenye ukuta wa bustani hiyo ni sifa, maji yanatoka na ukuta hauelemewi. Kwenye chumba cha watoto ni balaa.

Kwa hiyo kuna njia ambayo mimi naipenda kuliko zote kwa viwanja vyetu vya mteremko: kuta mbili. Unajenga ukuta wa mawe wa kuzuia udongo upande wa mlimani, na udongo wa juu yake unaubakiza kwenye mteremko mpole au ngazi za bustani ili ukuta usiwe mrefu. Unaacha uchochoro wa sentimita 80 hivi, sakafu yake ya zege ikiwa chini ya sakafu ya chumba, ina mtaro unaotoka bondeni. Kisha unajenga nyumba yako kwa matofali ya kawaida kabisa, mguu wake mkavu. Udongo unasukuma mawe, na nyumba haiguswi. Mtu mzima anapita uchochoroni na fagio, anaona kila kitu kinachovuja, majani yakiziba anayatoa. Unapoteza upana wa uchochoro na lazima uchochoro wenyewe uzuiwe takataka na watoto kwa juu, lakini hujanunua dawa ya kuzuia maji hata kopo moja.

Zege lenye nondo ni jibu pale ambapo nafasi ya uchochoro haipo, au ukuta ni mrefu, au gari litaegeshwa juu upande wa barabara. Kwa nyumba ya kawaida unene ni milimita 200 hadi 250, nondo zimesukwa wavu mmoja au miwili, za milimita 12 au zaidi. Ukubwa na nafasi zake vitoke kwa mhandisi wako, usinakili za jirani. Udongo wake haujui ramani yako. Zege liwe imara, simenti ya 42.5 ikipatikana, na maji yapimwe. Kwa mfuko wa kilo 50 maji yasizidi lita 25, ukihesabu na yale yaliyomo kwenye mchanga uliolowa. Vijana wa zege wanapenda liwe uji ili liteleze lenyewe ndani ya boksi la mbao linalomwagiwa zege. Uji ule ukikauka unaacha vijinjia vidogo, na maji ya Aprili yanavijua vyote. Kodi vaibreta, mashine ya kutikisa zege lishikane, na iwe na ya akiba, maana ikifa katikati ya kazi umebaki na ukuta wenye mashimo ya nyuki. Nondo zisiguse boksi: upande wa udongo ziwe na zege la kuzifunika angalau milimita 50, na biskuti za kuzishikilia zitengenezwe kwa mchanga na simenti, si vipande vya mawe vya kuokoteza.

Mahali pa kuvuja kwenye ukuta wa zege ni maungio. Sakafu ilimwagwa Jumanne, ukuta Ijumaa; kati yao kuna mstari. Hapo unawekwa mkanda wa kuzuia maji, unaofungwa kabla ya kumwaga mara ya kwanza. Ukuta wenyewe umwagwe siku moja. Mixa ikiharibika saa tisa na ukuta umefika nusu, umejitengenezea mstari mwingine.

Matofali yapo katikati, na ndiyo yanayoniletea simu nyingi za malalamiko. Tofali linabeba uzito wa juu vizuri, lakini ukilisukuma ubavuni linaachia kwenye maungio ya mota. Yakitumika chini ya ardhi nataka moja kati ya haya: matofali yenye matundu, nondo zikipita ndani yake kuanzia msingi, na matundu yakajazwa zege, au matofali ya inchi 6 yaliyolazwa, yanayotoa ukuta wa inchi 9, yakiwa yamefungwa kati ya nguzo na mikanda ya zege, na kuta za vyumba zikiyashika kwa ndani kila mita 3 hivi. Yote mawili yahesabiwe na mhandisi.

Kuna njia nyingine nimeona mtandaoni: paneli za kiwandani, maboksi ya foamu, hata mbao.

Paneli zinataka kreni na barabara ya kreni kupita. Foamu inayobaki ukutani inasaidia nchi za kupasha nyumba joto. Hapa itakuwa nyumba ya mchwa na sisimizi. Mbao zilizotiwa dawa wanazika chini Marekani na Canada. Mimi mwenyewe nimeona mchwa wa Kisongo wakimaliza fremu ya mlango kwa mwaka mmoja.

Fundi wangu anasema matofali ya inchi 6 ya kusimamisha yanatosha, ni chumba kidogo tu.

Ukubwa wa chumba hauhusiki. Kinachohusika ni kimo. Chukua udongo wa kina cha mita 2.5, mkavu, uzito wa kawaida. Kila mita moja ya urefu wa ukuta inasukumwa kwa karibu tani 3. Ukuta wa mita 10: tani karibu 30, usiku na mchana. Sasa udongo uleule ulowe na maji yasiwe na pa kutokea, yajae nyuma ya ukuta hadi juu. Msukumo unafika tani 4 na nusu kwa mita, tani 45 kwa ukuta mzima, na tatu kati ya kila nne na nusu ni maji peke yake. Ndiyo maana mtaro wa nyuma ya ukuta una thamani kuliko nondo za ziada.

Na ukiongeza kina kutoka mita 1.25 hadi 2.5, yaani mara mbili, msukumo unakuwa mara nne. Mafundi wengi uzoefu wao ni wa msingi wa mita moja, na kwa mita moja fundi wako yuko sahihi kabisa.

Lakini jirani yangu alijenga kwa matofali na nyumba ipo.

Inawezekana mtaro wake unatoka vizuri, au vyumba vyake ni vidogo na kuta za ndani zinamsaidia bila yeye kujua. Muulize alijenga mwaka gani. Nyumba ambayo haijapitia mvua nzito kama zile za El Niño za 1997 na 1998 bado haijafanya mtihani.

Maji yazuiliwe kwa nje au kwa ndani?

Nje. Dawa iliyopakwa ndani inasukumwa na maji itoke ukutani. Iliyopakwa nje inasukumwa na maji ishike ukuta. Ukipaka ndani unaficha tu, baada ya mwaka plasta inavimba na kutoa chumvi nyeupe.

Mpangilio wa nje ni huu: ukuta umesawazishwa, umepakwa lami au umebandikwa karatasi ya lami ya kuchoma kwa gesi, umefunikwa na kitu cha kuikinga isichanwe na mawe ya kifusi, kisha kokoto safi upana wa sentimita 30, na chini kabisa bomba la inchi 4 lenye matundu. Bomba likae chini ya usawa wa sakafu ya ndani, lishuke sentimita 1 kila mita, na lizungushiwe kokoto ndani ya kitambaa cha kuchuja, vinginevyo majivu yetu haya laini yataliziba kwa misimu miwili. Kila kona weka mahali pa kuingiza waya wa kuzibulia. Mwisho wa bomba uwe wazi, bondeni, mahali unapoweza kuuona ukiwa umesimama.

Juu ya ardhi, maji ya bati yasiangukie pale nyuma. Gata zipeleke kwenye tenki.

Nikifunga pampu je, si itatosha?

Mvua kubwa inakuja na radi, radi inakuja na umeme kukatika. Pampu italala saa ileile unayoihitaji. Iweke kama msaidizi, na kama kiwanja chako hakina njia ya maji kutoka kwa mteremko wake wenyewe, hilo ni jibu kwamba usichimbe.

Sakafu ya chini inahitaji nini?

Watu wanasahau kwamba maji yanasukuma kwenda juu pia. Maji yakisimama mita moja juu ya usawa wa sakafu upande wa nje, yanainua kila mita ya mraba kwa tani moja. Jamvi la sentimita 15 lina uzito wa kilo kama 360 kwa mita ya mraba. Litapasuka au litanyanyuka. Kwa hiyo chini ya jamvi weka tabaka la kokoto lililounganishwa na lile bomba la nje, juu yake nailoni ngumu isiyotobolewa na viatu vya vijana, dawa ya mchwa ikiwa imeshapigwa, ndipo zege.

Kuchimba: mashine ya kijiko au vijana wenye sururu?

Kwa nyumba ya mita 10 kwa 12, kina mita 2.7 pande zote, na nafasi ya sentimita 75 ya mafundi kufanyia kazi kila upande, udongo ni kama mita za ujazo 420. Ukishachimbuliwa unafura, unafika zaidi ya 500. Hizo ni safari 50 na kitu za tipa la mita 10. Tumia kijiko, na kabla hakijaja ujue unapeleka wapi udongo huo. Nusu besimenti inapunguza hesabu hii karibu nusu, na udongo mwingi unabaki kiwanjani kutengeneza uwanja wa bondeni.

Udongo wa milimani kwetu unasimama wima vizuri, na hilo linawadanganya watu. Wachagga walichimba mapango ya kujificha vitani upande wa Marangu, na mengine watalii wanaingia mpaka leo. Lakini ukuta wa shimo uliosimama wiki tatu unaweza kuanguka dakika moja baada ya mvua ya jioni. Mita moja ya ujazo ya udongo ina zaidi ya tani moja na nusu. Kata kwa ngazi au kwa mteremko, udongo uliochimbwa usirundikwe ukingoni, na asiingie mtu baada ya mvua mpaka msimamizi ameangalia.

Kibali kinahitajika? Na jirani?

Ndiyo, kibali cha ujenzi cha halmashauri, kukiwa na ramani ya msanifu na michoro ya mhandisi aliyesajiliwa. Waonyeshe besimenti kwenye michoro tangu mwanzo. Kuiongeza kimyakimya baada ya kibali kunaishia kwa alama ya X nyekundu ukutani. Jirani mtaarifu kwa maandishi, piga picha za nyufa zake zilizopo mbele yake kabla hujachimba, na usikaribie ukuta wake kwa kina kinachozidi msingi wake bila mhandisi kuona.

Nyumba imeshajengwa. Naweza kuchimba chini yake?

Hapana. Novemba 2024 jengo la ghorofa liliporomoka Kariakoo, Dar es Salaam, na kuua watu. Taarifa za siku zile zilitaja uchimbaji uliokuwa ukiendelea sehemu ya chini. Hii si kazi ya fundi wa mtaani na mirunda.

Udongo nyuma ya ukuta urudishwe lini?

Hili nalijibu kwa aibu. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa na saiti Moshono, ukuta wa matofali mita 2.4, hauna nondo za kusimama, slabu ya juu, lile zege la dari, bado. Dereva wa tipa alikuwa na safari moja ya bure akaniuliza amwage wapi, nikamwonyesha nyuma ya ukuta. Wiki hiyo ikanyesha siku tatu. Jumatatu asubuhi kulikuwa na ufa wa kulala, umenyooka kama umepigwa kwa kamba, mstari wa sita wa matofali kutoka chini, na ukuta umeingia ndani kwenye timazi kwa upana wa vidole viwili. Nilichomeka sarafu ya shilingi 200 kwenye ufa ikasimama yenyewe. Tulibomoa ukuta wote, nikalipa matofali mimi.

Ukuta wa besimenti umehesabiwa ukiwa umeshikwa chini na sakafu na juu na slabu. Kabla slabu haijamwagwa na kukomaa, ule ni ubao uliosimikwa tu. Subiri, au uegemeze kwa mirunda kama mhandisi alivyochora. Zege limwagiliwe siku 7 bila kukosa, na nguvu yake inahesabiwa siku 28. Ukirudisha, tumia tabaka za sentimita 20 hivi, shindilia kwa kompakta ndogo. Kijiko kisikaribie ukuta. Tabaka la juu kabisa liwe udongo unaoshika maji, umeinamia mbali na nyumba.

Tuanze mwezi gani?

Juni. Masika imeisha, ardhi inakauka, una miezi mitano kabla ya vuli ya Novemba. Slabu ya juu iwe imemwagwa na udongo umerudishwa kabla ya hapo. Anayeanza kuchimba Februari anachimba bwawa.

Matetemeko?

Yapo, tuko kwenye Bonde la Ufa. Julai 2007, kabla Ol Doinyo Lengai haijalipuka, Arusha ilitikisika siku kadhaa. Ukuta wa mawe au matofali usio na nondo ndio wa kwanza kuumia. Mwambie mhandisi aunganishe nondo za ukuta na za slabu, na mkanda wa zege uzunguke nyumba nzima bila kukatika.

Naweza kuweka choo na jiko kule chini?

Kwenye nusu besimenti ndiyo, kama shimo la maji taka liko bondeni zaidi. Kama bomba la mtaa liko juu ya sakafu yako, utahitaji pampu ya maji taka, na tumeshaongea kuhusu umeme. Jiko la mkaa na jenereta visikae huko hata kwa dakika chache. Moshi wa mkaa usioonekana unaua watu usingizini. Chumba kiwe na madirisha pande mbili, hata kama moja ni dogo. Bila hewa kupita, ukungu utaanza nyuma ya kabati Juni na utaunusa kabla ya kuuona.

Mwaka wa kwanza niangalie nini?

Nyufa ndogo za kusimama kwenye zege ni za kawaida, zege linaposinyaa. Ufa wa kulala katikati ya ukuta nipigie siku hiyohiyo. Kila ufa uchore mstari wa penseli kwenye ncha zake na uandike tarehe, ili Mei usianze kubishana na mkeo kama umekua au ulikuwepo. Na usiku wa mvua kubwa ya kwanza, chukua mwavuli na tochi, shuka bondeni ukaangalie mwisho wa lile bomba la inchi 4. Linatakiwa liwe linamwaga. Likiwa kavu wakati kila kitu kingine kinatiririka, maji yamebaki nyuma ya ukuta. Asubuhi fungua zile kona uzibue kabla mvua nyingine haijashuka.